Kilichotolewa Daima Chaweza Kurejeshwa?

Wahenga walisema ahadi ni deni. Lakini deni lisiloandikwa barabara huwa na matata yake, na mwenye kutaka ushahidi wa jambo hilo na asikilize kisa kilichotokea Marekani mwezi wa Januari, 2023. Ni kisa cha mchezo ambao wengi wetu huku pwani hatujapata kuuona, seuze kuucheza.

Mimi kilichonivuta kwanza ni jina. Kampuni yenye mchezo huo yaitwa Wizards of the Coast, na kwa lugha yetu hiyo ni kama kusema Wachawi wa Pwani. Nikasema, lo, tumesingiziwa tena! Kumbe pwani hiyo si yetu. Ni ile ya magharibi ya Marekani, katika jimbo la Washington, na uchawi wao ni wa vitabu na karata tu.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons. Uliundwa na hayati Gary Gygax na hayati Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974 katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, nakala za kwanza zikiwa 1,000 tu. Watu huketi mezani, mmoja wao akawa msimulizi, na kila mmoja wa wenziwe hujivika mtu wa kubuni: huyu shujaa wa upanga, yule mganga, yule mwizi. Msimulizi husema, mmefika mlango wa pango na ndani mwasikia kishindo, je, mwafanyaje? Kila mtu hujibu lake, kisha hurushwa dado, na mojawapo lina pande 20, ili kuamua kama alilojaribu limefaulu. Aliyekulia kwenye ngano za bibi, za mazimwi na majini na visiwa vya mbali, ataelewa mara moja. Tofauti ni kwamba hapa msikilizaji naye yumo ndani ya hadithi. Ama kuhusu dado, wanazuoni wana neno lao, nami sikukaa hapa kutoa fatwa. Ninalotaka kulizungumza leo ni mkataba.

Neno moja

Wizards of the Coast iliununua mchezo huo mwaka 1997, ilipoinunua kampuni ya wenyewe wa kwanza. Miaka miwili baadaye nayo ikanunuliwa na Hasbro, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea. Mwaka 2000 wakubwa wa Wizards walifanya jambo la ajabu kwa watu wa biashara. Walitoa leseni huria: yeyote duniani aweza kuzichukua kanuni za msingi za mchezo, akaandika hadithi na vitabu vyake juu yake, akaviuza, asilipe hata senti moja. Hesabu yao ilikuwa kwamba watu wengi wakiandika, wengi watacheza, na wanaocheza watarudi kununua vitabu vikuu.

Hesabu hiyo haikuwa mbaya. Kwa zaidi ya miaka 20 watu waliitegemea leseni ile. Wengine walikuwa vijana wenye meza moja na kompyuta moja, wengine wakawa makampuni. Paizo, mathalan, ilitoa mchezo wake uitwao Pathfinder mwaka 2009 kwa leseni hiyo hiyo, nao ukawa mshindani wa mchezo uliouzaa. Watu waliajiri wachoraji, wakalipa wapiga chapa, wakalea watoto kwa kazi hiyo.

Hati ile ilisema leseni ni ya daima. Lakini kulikuwa na neno ambalo halikuandikwa: haikusema kwamba leseni haiwezi kufutwa. Tena kipengele cha 9 kilisema kampuni yaweza kutoa toleo jipya la leseni, na mtu aweza kutumia toleo lolote lililoidhinishwa. Neno hilo la kuidhinishwa lililala humo miaka 20 na ushei, kama mwiba ndani ya mkeka.

Januari 5, 2023, tovuti ya Gizmodo ya Marekani ilifichua rasimu ya leseni mpya. Ndani yake mwiba ulikuwa umeamka. Toleo la zamani, ilisemwa, si lililoidhinishwa tena. Mwenye kuingiza zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka atalipa mrabaha wa hadi asilimia 25 ya kinachozidi hapo. Kampuni itakuwa na haki ya kutumia kazi za waandishi wengine bila kuwalipa. Na leseni yote yaweza kubadilishwa au kukomeshwa kwa ilani ya siku 30.

Hasira

Mashabiki waliwaka. Makumi ya maelfu walitia saini barua ya wazi ya kupinga. Wengine walitumia silaha kali zaidi ya maneno: walivunja malipo yao ya kila mwezi katika huduma ya D&D Beyond, ambayo Hasbro ilikuwa imeinunua mwaka 2022 kwa dola milioni 146.3. Paizo ikatangaza kwamba yatungwa leseni nyingine isiyo chini ya kampuni yoyote, na wanunuzi wakaikimbilia hata ikauza katika wiki mbili akiba ya kitabu kikuu iliyotarajiwa kutosha miezi minane.

Kampuni ilijaribu kwanza kusema kwamba ile ilikuwa rasimu tu, na kwamba katika mabishano yale pande zote mbili zimeshinda. Maneno hayo yaliongeza kuni motoni. Ikatoa rasimu ya pili na kuwauliza watu maoni. Zaidi ya watu 15,000 walijibu: asilimia 88 hawakutaka kuchapisha chini ya leseni mpya, na asilimia 89 hawakuridhika na kufutwa kwa ile ya zamani. Januari 27 kampuni ikasalimu amri. Leseni ya zamani iliachwa ilivyo, na juu ya hayo kitabu cha kanuni za msingi, kurasa 400 hivi, kikawekwa chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo imeandikwa waziwazi kwamba haifutiki na ambayo haimo mikononi mwa kampuni.

Nilipokisimulia kisa hiki barazani baada ya sala ya alasiri, mzee mmoja aliniambia, "Bwana, mwenye mali si ana haki na mali yake?" Ni swali la haki, na kampuni nayo ilikuwa na hoja zake. Ilidai yataka kuzuia jina la mchezo lisitumiwe katika maandishi ya chuki, na kwamba makampuni makubwa yasijitajirishe kwa jasho lake. Isitoshe, kampuni haikuzuiwa kamwe kutoza vitabu vipya itakavyoandika.

Lakini nilimjibu mzee wangu kwamba mali iliyokwisha kutolewa si mali ya mtoaji tena. Sisi twalijua hilo kuliko wengi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkemea vikali mtu arejeaye katika zawadi yake. Na mtu akiweka kisima au shamba wakf, hawezi kuja mwakani akasema maji yamekuwa matamu mno, sasa nataka robo ya kila ndoo. Leseni ile haikuwa wakf kwa sheria, lakini waliojenga juu yake waliishika kama wakf. Hata Ryan Dancey, aliyekuwa mstari wa mbele katika kuitunga mwaka 2000, alijitokeza mwaka 2023 kusema kwamba nia haikuwa kamwe iweze kufutwa.

Funzo

Ndipo nilipoona uzito wa mambo haya. Nia ya Dancey ilikuwa njema, lakini Dancey hakuwapo tena kazini. Waliotoa waliondoka, wakaja wengine ambao hawakuiona siku ya kutoa. Waliona daftari la mapato tu. Desemba 2022 mkuu wa Wizards, Cynthia Williams, alikuwa amewaambia wenye hisa kwamba mchezo huo bado haujatolewa faida inayowezekana. Nia huondoka na mwenye nia. Kinachobaki ni karatasi.

Je, hatujaona sisi? Babu hutoa kiwanja cha chuo kwa kauli ya mdomo, mbele ya watu waliokwisha kufa. Watoto husoma hapo miaka 40. Kisha bei ya ardhi hupanda, mjukuu hutokea na hati mkononi, na mwalimu huambiwa ahamishe misahafu. Si kwamba babu alidanganya. Hakuandika.

Mashabiki wa Marekani walishinda kwa kuwa walikuwa wengi, na kampuni iliwahitaji kila mwezi. Mwalimu wa chuo hana malipo ya mwezi ya kuvunja. Yeye hana ila hati. Na si bure kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi.

Basi mwenye nia ya kutoa, atoe, Mungu atamlipa. Ila aandike kwamba ametoa, na aandike pia kwamba hakirudi. Maneno hayo mawili hayana maana moja, na wenzetu wa Marekani wamelijua hilo baada ya miaka 22.