Ngoma Nayo Ina Mtungaji

Wako watu hapa Kathonzweni, na baadhi yao ni walimu wenzangu, wasemao kwamba ngoma ya Wakamba ilikamilika zamani, wala kijana wa leo hana ruhusa ya kuizidishia hatua au kuipunguzia. Kazi yake, wasema, ni kuipokea kama ilivyo na kuipeleka mashindanoni. Neno hili limevikwa joho la heshima kwa wazee, lakini si kweli, tena limewadhulumu wanafunzi wengi.

Na tuitazame mbeni, ngoma ya vijana iliyosifiwa kwa kuruka na kupinduka hewani. Leo huitwa mila. Lakini jina lake lenyewe latuonyesha njia iliyopita: ni beni ya pwani, iliyochezwa Lamu na Mombasa tangu miaka ya 1890 kwa kuiga gwaride na matarumbeta ya askari, kisha ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita vya 1914–1918. Babu zetu waliipokea, wakaikata, wakaishona upya kwa kimo cha miili yao. Tena ngoma zao zilikuwa na ngui, yaani mtunzi aongozaye wimbo, naye alijulikana kwa nyimbo alizotunga mwenyewe. Basi mila ya kweli ya Mkamba ni kutunga.

Sisemi kila kitu kichezewe. Kilumi ya akina mama wazee ina mambo ya ibada na uponyaji ndani yake, na mwanafunzi aichukuaye kwa ajili ya kikombe cha fedha amekosa adabu. Lakini mpaka huo hauzuii uwanja wote.

Katika shule moja niliyofundisha, msichana wa kidato cha pili alitunga ngoma kutokana na kazi aliyoijua tangu utoto: kuchimba mchanga wa mto mkavu ili kupata maji. Mkono ulichota mara tatu, ukangoja maji yajikusanye, ukachota tena. Katika kule kungoja mlikuwa na ngoma yote. Wakubwa wakasema, “Hii si yetu.” Akaletwa mwalimu wa kukodiwa, akafundisha miruko ileile ya mwaka uliopita, hata filimbi ikapigwa mahali palepale. Nami nilinyamaza, na hilo lanitia haya mpaka leo.

Wengine hudhani kwamba kutunga ni kuiga vijana waonekanao katika simu. Huko nako ni kukodi mwili wa mwingine. Mtungaji hujifunza kwa desturi yake mwenyewe ya kazi. Huchagua mwendo mmoja, kama vile mama abebaye kuni kwa ukanda uliopita kipajini, akautazama siku nyingi: shingo yafanya nini, uzito waangukia kisigino kipi. Kisha huujaribu polepole, huugeuza, huuweka chini kabisa, huutupa, akaurudia kesho. Huandika katika daftari alichokiacha na sababu yake. Baada ya miezi kadhaa huanza kuyatambua mapendeleo yake, na hapo ndipo awezapo kuyapinga.

Wala jambo hili si ndoto. Katika miaka ya 1990 Opiyo Okach wa Kenya, Faustin Linyekula wa Kongo na Afrah Tenambergen waliunda kundi la Gàara mjini Nairobi, wakatafuta pamoja namna yao ya kucheza. Linyekula aliporudi kwao alianzisha Studios Kabako mjini Kinshasa mwaka 2001, baadaye akaihamishia Kisangani, mji uliojeruhiwa na vita. Angengoja mila imtungie ngoma ya vita vile, angengoja mpaka leo.

Niliambiwa na mwenzangu mmoja kwamba kufanya hivyo kwataka fedha. Kwataka sakafu iliyofagiwa na saa moja. Nimeomba darasa moja kila Ijumaa baada ya masomo, bila mwamuzi wala kikombe, kwa yeyote atakaye kuleta mwendo wake. Nimejibiwa kwamba ombi langu litajadiliwa baada ya mashindano.