Kabla ya programu, leteni daftari

Leo nataka kuzungumzia paka. Najua mmezoea kunisoma nikilalamika kuhusu hifadhidata na intaneti inayokatika, lakini nivumilieni kidogo. Paka huyu alinifundisha kazi yangu kuliko vitabu vingi nilivyosoma.

Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, Serikali ilipiga marufuku watu kuingia na kutoka Mji wa Kale hapa Mombasa. Kafyu tulikuwa nayo tangu 27 Machi, na kaunti nzima ilikuwa imefungwa tangu 8 Aprili. Sasa ukaongezwa mpaka ndani ya kisiwa chenyewe. Shangazi yangu anaishi Kibokoni. Kliniki ya wanyama anayoitegemea iko ng'ambo ya Digo Road, mwendo wa robo saa kwa miguu. Siku ile ikawa kama iko nchi nyingine.

Wiki chache kabla ya hapo daktari wa kliniki hiyo alikuwa ameniomba msaada. Chumba chake cha kungojea ni kidogo, viti sita tu, na hakutaka watu wabanane humo. Nikamwambia asiwe na shaka. Nilikesha siku nne nikamtengenezea programu ya kuweka miadi: jina la mtumiaji, neno la siri, kalenda, hata mahali pa kuchagua aina ya mnyama kwa picha. Ilipendeza kweli. Baada ya majuma mawili walikuwa wamejiandikisha watu watatu. Mmoja wao alikuwa mimi, nikijaribu kama inafanya kazi.

Kazi ya kliniki haikusimama lakini. Karani wa mapokezi alitoa daftari lake kubwa lenye jalada gumu, lile la miaka yote, akaanza kupiga simu. Mwenye mnyama wa kukata kucha akaombwa asubiri. Mwenye mnyama mgonjwa akaulizwa maswali matatu ambayo daktari alikuwa ameyaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani:

1. Anapumua vizuri?
2. Anakula na kunywa?
3. Anakojoa?

Kwa majibu hayo karani aliwagawa wanyama katika mafungu: wa leo, wa wiki hii, na wa kusubiri. Wa leo walipokelewa mlangoni. Kule Marekani na Uingereza kliniki nyingi zilimchukua mnyama kutoka garini huku mwenyewe akibaki ndani ya gari lake. Hapa kwetu wengi huja kwa miguu au kwa tuktuk, kwa hiyo kikapu kiliwekwa kwenye meza nje, mwenyewe akarudi nyuma hatua kadhaa, msaidizi mwenye barakoa akaja kukichukua. Malipo yalikuwa kwa M-Pesa, na tangu katikati ya Machi mwaka ule kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 kulikuwa bure.

Sasa tumrudie paka. Shangazi alipiga simu kliniki asubuhi moja. "Mwanangu, paka wangu amefunga choo. Anaenda mchangani kila mara, anajikamua, hatoki na kitu. Namkanda tumbo kwa mafuta."

Karani akamuuliza, "Mama, mara ya mwisho umemuona amekojoa ni lini?"

Kimya kidogo. "Tangu jana asubuhi sijaona."

"Usimkande tena. Mtie kwenye kikapu, ngoja nikupigie."

Kwa wasiojua (mimi mwenyewe sikujua): paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba, na ikiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Mkojo ukirudi nyuma figo hushindwa kazi, potasiamu hupanda kwenye damu, na moyo husimama. Na wengi wetu tukimuona anajikamua tunadhani ni choo kigumu. Kumkanda kibofu kilichojaa ni hatari, kinaweza kupasuka.

Saa moja baadaye shangazi alikuwa kwenye kizuizi na kikapu chake. Askari akafikiri, akaamua: kikapu kivuke, binadamu abaki. Msaidizi wa kliniki akakipokea upande wa pili. Daktari akampitishia paka mpira wa kutoa mkojo, na siku ya tatu kikapu kikarudi kwa njia ile ile, kikilia.

Ndugu msomaji, paka huyu aliokolewa na swali moja kwenye karatasi na namba ya simu kwenye daftari. Programu yangu isingemsaidia. Ingemuomba shangazi neno la siri, kisha ingempa nafasi ya Alhamisi.

Kuna wenzangu waliotoka kwenye janga lile wakisema kwamba tiba ya wanyama sasa itahamia kwenye simu. Sikubaliani nao. Simu haipitishi mpira wala haichomi sindano. Inachofanya vizuri ni kuchambua nani aje sasa na nani asubiri. Hilo ni jambo kubwa, na linataka mtu anayejua la kuuliza.

Lakini na daftari nalo lisisifiwe kupita kiasi. Mji wa Kale ulifunguliwa mapema mwezi wa Juni 2020, na kaunti tarehe 7 Julai. Katika miezi ile picha za vidonda, majina ya dawa na tarehe za kurudi zilikuwa zimehamia WhatsApp, kwenye simu ya karani mwenyewe. Mwaka uliofuata simu ile iliharibika. Historia ya wanyama wengi ikapotea nayo, zikiwemo tarehe za chanjo zilizoahirishwa.

Hapo ndipo mchezo unapokwisha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na watoto wanaumwa zaidi. Paka pia anaweza kukileta. Kenya ina mkakati wa mwaka 2014 unaolenga kuwa ifikapo 2030 asife mtu kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa, na shabaha yake ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Shabaha hiyo haifikiwi ikiwa kliniki haijui nani wa kukumbushwa.

Ushauri wangu kwa kliniki ni mdogo na hauna gharama. Chukueni jedwali la LibreOffice Calc, mpange safu tano: jina la mwenye mnyama, namba ya simu, mnyama, chanjo ya mwisho, chanjo ijayo. Kila jioni nakala moja ikae nje ya kompyuta hiyo. Simu ya kazi iwe ya kliniki. Muombeni mteja ruhusa kabla ya kumwandika na mumweleze taarifa zake ni za kazi gani, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka aelezwe. Kila Jumatatu karani apange safu ya tano kwa tarehe na kuwatumia ujumbe mfupi wale wa wiki hiyo.

Ujumbe mfupi si teknolojia ya jana. iCow, huduma iliyoanzishwa hapa Kenya na Su Kahumbu mwaka 2011, ilimtumia mfugaji ujumbe kulingana na siku za ng'ombe wake, kwenye simu yoyote ile, bila intaneti. Ilianza na tarehe anayoijua mfugaji, ikajenga kutoka hapo.

Na kwenu watengenezaji programu wenzangu: mkiitwa kusaidia, siku ya kwanza msifungue kompyuta. Kaeni karibu na karani mumwangalie anapopokea simu. Ombeni kuona daftari. Kila safu aliyoichora kwa rula ina sababu yake, na kila alama ya kalamu nyekundu ni kipengele ambacho hamkukijua.

Programu yangu ya miadi niliifuta. Daktari sasa anatumia jedwali la safu tano. Paka wa shangazi yuko salama, amenenepa, na mwezi uliopita shangazi alipata ujumbe wa chanjo.

Je, kliniki ya kwenu wanaandika wapi? Nielezeni.