Mpango wa Insha na Mapambo Yake

Wako walimu wafundishao kwamba insha njema ni ile ianzayo kwa "Wahenga hawakukosea waliponena", ikapambwa kwa methali tano na tashbihi kumi, kisha ikafungwa kwa methali nyingine. Fundisho hili lastahili kupingwa.

Katika mtihani wa darasa la nane nchini Kenya, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto alipewa dakika 40 kuandika insha. Wengi walizitumia kumwaga mapambo waliyoyakariri kabla ya kuijua mada. Mtihani umekwenda, desturi imebaki.

Watetezi wake husema kwamba mapambo hukuza lugha. Naam, lakini vazi lisilo na mwili hubaki kamba ya kuanikia. Utangulizi kazi yake ni kuweka dai. Kila aya hubeba hoja moja na ushahidi wake. Hitimisho hutamka lililothibitika. Washairi wetu walilijua jambo hili zamani: ubeti mwema hutosheleza wazo moja, na kituo chake hulifunga. Aya ni ubeti wa nathari.

Mwalimu na aipeleke aya ya pili mahali pa tatu, na ya tatu mahali pa pili. Ikiwa hakuna kilichoharibika, insha ile haikuwa na mpango, wala haistahili alama za mpango. Kumtuza mtoto kwa methali za kukariri ni kumfundisha kwamba kunena kwaweza kutangulia kufikiri. Na mtoto huyo ndiye atakayeandika kesho sheria zetu na hukumu zetu.