Anwani ya IP si ushahidi wa mahali alipo mtu

MWENYE kibanda katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, afunguapo simu yake kutafuta habari, huenda mtandao ukamwambia kuwa yuko Nairobi.

Jambo hilo huchekesha, ila lina uzito wake. Makisio ya namna hiyo ndiyo yanayoweza kutumiwa na benki kuzuia malipo, au na wapelelezi kumtafuta mshukiwa. Swali ni je, yanaaminika kiasi gani?

Anwani za IP ni nambari zinazotolewa kwa mafungu. Barani Afrika hugawanywa na AFRINIC, shirika lenye makao nchini Mauritius lililotambuliwa rasmi mwaka 2005. Daftari lake huonyesha kampuni iliyopewa fungu na nchi iliyosajiliwa. Halionyeshi simu iko soko gani. Wauzaji wa orodha za mahali hujaza pengo hilo kwa kukisia.

Kampuni kubwa za simu nchini zina makao Nairobi. Isitoshe, nambari za mfumo wa zamani, ambazo hazizidi bilioni 4.3 duniani kote, hazitoshi, hivyo wateja wengi hushirikishwa anwani moja. Muuza mitumba wa Kibuye na mvuvi wa Dunga wanaweza kuonekana kama mtu mmoja, tena aliye Nairobi.

Hata jina la nchi si hakika. Mzozo uliozuka mwaka 2021 baina ya AFRINIC na kampuni ya Cloud Innovation, iliyosajiliwa Ushelisheli, ulihusu mamilioni ya anwani za Afrika zilizokuwa zikitumika nje ya bara hili.

Madhara ya kukisia yalidhihirika Marekani. Kampuni ya MaxMind, iliposhindwa kujua mahali hasa, iliandika nukta moja iliyo karibu na katikati ya nchi. Mwaka 2016 ilibainika kuwa anwani zipatazo milioni 600 zilielekezwa kwenye shamba moja jimboni Kansas. Kwa miaka kadhaa, wakazi wake walivamiwa na polisi na watu walioibiwa, ilhali hawakuwa na hatia yoyote. Baadaye kampuni hiyo ilihamisha nukta hadi katikati ya ziwa.

Kenya ina kinga. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu ziwe sahihi, na inampa haki ya kutohukumiwa na mitambo pekee katika mambo yanayomwathiri pakubwa.

Hivyo basi, mpelelezi anayeshika anwani ya IP ameshika mwanzo wa uzi tu. Kumbukumbu za kampuni ya simu, za saa na dakika husika, zikitolewa kwa amri ya mahakama, ndizo zinazoweza kumwonyesha mteja. Mahakama na benki zisikubali pungufu ya hapo, maana gharama ya kosa itamwangukia mchuuzi asiyejua hata ameshukiwa kwa nini.