Mama Kayai Haigizi?

Kuna sifa ambayo ni tusi. Nimeisikia matangani, kwenye matatu, hata vinywani mwa wanaojiita wapenzi wa sanaa: "Yule Mama Kayai wa Vitimbi haigizi bwana, ndivyo alivyo." Msemaji hudhani amempamba. Kumbe amemnyang'anya kazi yake.

Tuanze na ulimi. Mary Khavere, aliyemwigiza Mama Kayai katika vichekesho vya televisheni vya Vitimbi, ni Mluhya. Mumewe wa kwenye televisheni, Mzee Ojwang', alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Miaka nenda, miaka rudi, wawili hawa waliingia sebuleni mwetu kama Wajaluo, tena mke na mume, nasi tukayameza yote mawili. Mbele ya televisheni ya Great Wall ya jirani yetu, mzee mmoja Mjaluo wa Siaya aliwahi kuapa kwamba anaujua ukoo wa Ojwang'.

Hebu jaribu mwenyewe kuzungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo. Kijaluo hakina sauti ya "sh", hivyo shauri huwa "sauri" na shamba huwa "samba". Neno moja moja hata mchekeshaji wa harusini analiweza. Kazi ni kugombana kwa lafudhi hiyo, kucheka nayo, kumkatiza mwenzio nayo, bila lugha ya mama yako kuchungulia. Na pa kujificha hapakuwepo: hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, Kenya nzima ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, na Wajaluo wenyewe walikuwa wanatazama.

Basi kwa nini hatukuiona kazi? Mimi nalaumu macho yetu. Ojwang' alikuwa na kofia na yale mamiwani. Kila mtu aliona kwamba amevaa uhusika. Mama Kayai alivaa kama shangazi yako. Mwanamke anayemkemea mume na kuuliza pesa za chakula zimekwenda wapi hatumhesabu kuwa msanii. Wa hivyo tunao tele nyumbani, tunasema. Lakini mtazame akimtazama Ojwang' akiushona uongo wake, jinsi anavyonyamaza kwanza. Kicheko kilizaliwa katika kunyamaza huko. Mwongo asiye na wa kumshuku hachekeshi, anapayuka tu.

Na dhana hii ina gharama. Mtu ambaye "ndivyo alivyo" atadai malipo gani, na tuzo apewe ya nini? Nani hulipwa kwa kuwa yeye mwenyewe? Wanjau alipofariki Julai 2015 tulimlilia kama fundi, na alistahili. Lakini siku zile zile nilimsikia mtu mzima, tena msomi, akiuliza mjane wake Mama Kayai sasa ataishije. Mjane! Hawakuwa wameoana. Walikuwa kazini.

Ukikutana naye mjini, tafadhali, usimwulize habari za Ojwang'. Msalimie kwa jina lake: Bi Mary Khavere.