Barazani: Nani Anayesimamisha Pini?



Juma lililopita mjukuu wangu alirudi kutoka Nairobi, alikokwenda kumtembelea mjomba wake. Hata mzigo hajautua, akaanza kunipa habari za ukumbi aliopelekwa, wenye taa za rangi rangi na muziki mwingi, ambamo watu huvaa viatu vya kukodi na kuvingirisha matufe mazito juu ya sakafu inayong'aa kama kioo. Mwisho wa sakafu husimama vipande kumi mfano wa chupa, na mtu akiviangusha vyote kwa mara moja, wenzake humpigia makofi.

"Na wewe uliangusha vingapi?" nikamwuliza.

"Sita, Babu. Lakini Babu, kila vikianguka vinasimama tena, na sikuona mtu. Ni nani anayevisimamisha?"

Swali hilo la mtoto limenikaa kichwani juma zima. Nimeona afadhali nilijibu hapa, maana ndani yake mna mambo mengi kuliko nilivyodhani.

Mchezo huo ni bolingi, na vipande vile huitwa pini. Asili yake ni Ulaya. Wahamiaji kutoka Ujerumani waliuchukua mpaka Marekani, wakicheza kwa pini tisa, na huko ndiko ulikokua ukawa mchezo wa pini kumi tunaoujua leo. Kutoka mstari wa mchezaji mpaka pini ya mbele ni futi 60, yaani zaidi kidogo ya meta 18. Pini moja ina kimo cha sentimeta 38 na uzito wa kilo moja na nusu hivi, na tufe laweza kufika ratili 16, yaani kilo saba na kitu. Mtu akiangusha pini zote kumi kwa tufe la kwanza, kila zamu toka mwanzo hata mwisho, hupata alama 300, na hapana alama kupita hizo. Mwaka wa 1895 wachezaji wa vilabu mbalimbali walikutana New York wakaunda chama, American Bowling Congress, ili watu wote wacheze kwa sheria moja.

Sasa turudi kwa swali la mjukuu. Siku hizi pini husimamishwa na mashine iliyofichwa. Lakini zamani hapakuwa na mashine. Palikuwa na shimo, na juu ya shimo ameketi mtoto.

Kazi yake ilikuwa hii. Tufe likisha kupita na pini kutawanyika, aliruka chini shimoni, akaliinua tufe na kuliweka juu ya reli ya mbao ili literemke lenyewe kumrudia mwenyewe. Kisha aliokota pini na kuzisimamisha moja moja mahali pake, halafu akapanda upesi na kukunja miguu kabla tufe jingine halijafika. Wachezaji wengine hawakuwa na subira. Na pini ikirushwa na tufe zito namna ile si kitu cha mchezo. Yaweza kumvunja mtu mguu. Kwa kazi hiyo mtoto alilipwa senti chache kwa kila mchezo.

Alikuwako mpiga picha mmoja, Lewis Hine, aliyezunguka Marekani akipiga picha za watoto walioajiriwa migodini, viwandani na mitaani, ili watu wazima wa nchi ile waone na waone haya. Mwaka wa 1910 aliingia katika ukumbi wa bolingi huko Brooklyn, New York. Ilikuwa saa saba ya usiku, na watoto walikuwa bado kazini. Chini ya picha yake aliandika kwamba wadogo zaidi, watatu, hawamo pichani. Mkubwa wao wa kazi aliwaondoa wasionekane.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mdogo wangu. Utotoni, baada ya kuchunga, sisi wakubwa tulikuwa tukipanga makopo matupu nyuma ya nyumba, tukayalenga kwa mpira wa matambara. Makopo yakianguka lazima mtu ayapange tena, na mtu huyo alikuwa yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdogo. Alipanga kutwa nzima. Siku moja alisimama katikati ya makopo, machozi yanamtoka, akasema, "Na zamu yangu mimi ni lini?" Tulimcheka. Wala sikumbuki kama jioni ile tulimpa zamu. Nadhani hatukumpa.

Basi, mashine ilikuja. Aliyeibuni ni Gottfried Schmidt, na kampuni ya AMF ikaichukua na kuionyesha hadharani mwaka wa 1946 mjini Buffalo, wakati wa mashindano makubwa ya chama kile. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilianza kuenea, na mwaka wa 1956 kampuni ya Brunswick nayo ikatoa ya kwake. Mashine haichoki wala haina shule ya kwenda asubuhi. Kumbi ziliweza kufunguliwa usiku na mchana. Zilihama kutoka vyumba vya chini ya baa, zikajengwa pembezoni mwa miji, kubwa, safi, zenye mahali pa kuegesha magari, na akina mama wakaja na watoto wao mchana. Katikati ya miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na kumbi kama 12,000. Mahali pachache tu paliendelea na desturi ya kale. Huko Milwaukee, Holler House, ukumbi wa njia mbili ulioanza mwaka wa 1908, uliendelea kuwatumia watu kusimamisha pini hata katika karne hii ya 21.

Twaweza kushukuru kwamba mtoto yule alitoka shimoni. Lakini lipo swali la pili ambalo mjukuu wangu hakuliuliza, kwa sababu yeye alipofika mlangoni aliingia bila kuzuiwa. Swali ni hili: nani aliruhusiwa kucheza?

Mwaka wa 1916 chama kile kiliandika katika sheria zake kwamba wanachama wake ni wanaume weupe tu. Wanawake weupe walianzisha chama chao mwaka huo huo. Mtu mweusi aliweza kufagia ukumbi au kusimamisha pini, lakini kushindana katika mashindano ya chama, la. Mwaka wa 1939 wachezaji weusi walikutana Detroit wakaunda chama chao wenyewe. Baada ya vita kuu ya pili ubishi ulizidi. Chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari kilipinga sheria ile. Hubert Humphrey, aliyekuwa meya wa Minneapolis, aliipinga. Padre Charles Carow wa Brooklyn, aliyeshughulika na vijana wa Kikatoliki, aliipinga pia mbele ya chama chenyewe. Mashtaka yakapelekwa mahakamani. Hatimaye, mwaka wa 1950, maneno yale yakafutwa.

Lakini kufuta maneno kitabuni ni jambo moja, na kufungua mlango ni jambo jingine. Katika mji wa Orangeburg, jimbo la South Carolina, ulikuwako ukumbi mmoja tu wa bolingi. Mwaka wa 1964 sheria ya nchi ilikataza kuwabagua watu katika mahali pa starehe, lakini mwenye ukumbi ule alidai kwamba sheria hiyo haimhusu. Mwezi wa Februari 1968 wanafunzi weusi walikwenda pale wakitaka kucheza, wakakataliwa, na baadhi yao wakapigwa na polisi. Usiku wa tarehe 8 wanafunzi walikusanyika katika uwanja wa chuo chao, wamewasha moto maana ilikuwa baridi. Askari wa jimbo waliwafyatulia risasi. Watu 28 walijeruhiwa, na vijana watatu wakafa: Samuel Hammond, Henry Smith, na Delano Middleton, ambaye alikuwa bado mwanafunzi wa shule ya sekondari. Askari tisa walishtakiwa, na wote wakaachiliwa. Aliyefungwa jela alikuwa Cleveland Sellers, mmoja wa majeruhi. Alikuja kusamehewa mwaka wa 1993.

Ndugu msomaji, mtu aweza kusema, "Vijana wafe kwa sababu ya mchezo?" La, hawakufa kwa sababu ya mchezo. Walikuwa wakiuliza neno lile lile aliloniuliza mdogo wangu kati ya makopo.

Tuje sasa kwa hali ya siku hizi. Kumbi zimepungua sana. Mwaka wa 2013 zilizohesabiwa Marekani hazikufika 4,000. Kwa nini? Zamani uti wa mgongo wa ukumbi ulikuwa ligi. Watu wa kiwanda kimoja, mtaa mmoja, au parokia moja walifanya timu, wakakutana siku ile ile kila juma, mwaka hata mwaka. Viwanda vingi vilipofungwa, au saa za kazi zilipovurugika, timu nazo zilivunjika. Pia watu walipata starehe nyingine nyumbani, wakakaa humo. Wenye kumbi waliobaki wakatafuta mapato mengine: sherehe za siku ya kuzaliwa, vyakula, taa na muziki, kama alivyoona mjukuu wangu. Alama zilizoandikwa kwa penseli siku hizi huhesabiwa na mashine. Sakafu nyingi za mbao zimegeuzwa kuwa za bandia. Hata pini, katika kumbi nyingine, zimefungwa kamba kichwani ili zivutwe juu kwa gharama ndogo.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Putnam, aliandika juu ya jambo hili mwaka wa 1995, na baadaye, mwaka wa 2000, akatoa kitabu kizima, Bowling Alone. Alionyesha kwamba kati ya mwaka wa 1980 na 1993 wacheza bolingi waliongezeka kwa asilimia 10, lakini waliocheza katika ligi walipungua kwa asilimia 40. Maana yake, mchezo haukufa. Kilichokuwa kikifa ni ile desturi ya kungojana.

Kitabuni mwake mna habari ya watu wawili wa Michigan. Mmoja alikuwa mzee wa miaka 64, mstaafu wa hospitali, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akingojea kupata figo. Wa pili alikuwa mhasibu wa miaka 33. Hawakuwa jamaa, wala hawakufanya kazi pamoja, na umri wao mbalimbali. Mzee alikuwa mweusi, kijana alikuwa mweupe. Walijuana kwa sababu moja tu: walicheza bolingi katika ligi moja. Kijana alisikia kwa bahati tu kwamba mwenzake ni mgonjwa, akamwendea bila kuombwa, akamtolea figo yake moja. Hayo yalikuwa mwaka wa 1997. Kumbukeni kwamba kabla ya mwaka wa 1950 sheria ya chama isingewaruhusu wawili hao kucheza katika ligi moja.

Sisi hatuna haja ya kujenga kumbi za bolingi kila kijiji. Tuna bao chini ya mwembe, nalo halichezwi na mtu mmoja. Lakini hata pale mwembeni siku hizi namwona kijana ameketi peke yake, ameinamia simu, na bao limejaa vumbi. Mkiwapeleka watoto mjini kucheza, si vibaya. Wakirudi, pamoja na kuwauliza wamepata alama ngapi, waulizeni wamecheza na nani, na kama yuko aliyekaa pembeni bila kupata zamu.

Jioni ile nilimjibu mjukuu wangu: pini husimamishwa na mashine, bali zamani alizisimamisha mtoto kama wewe. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Na yeye alicheza saa ngapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Jumapili mdogo wangu alipokuja kunisalimu, naye sasa ni mzee mwenye mkongojo, nilimwomba mjukuu atafute makopo sita. Niliinama mimi mwenyewe nikayapanga, mgongo ukilalamika, kisha nikampa ndugu yangu mpira. Alinitazama kwa muda. Nadhani alikumbuka. Akaangusha manne, akataka ayalenge tena, nami nikayapanga tena.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.