Mambo ya Nyumbani: Mbwa Aliyefunga Choo



Mwezi huu nimeletewa swali na mwalimu mmoja wa shule ya kijijini, nami naona lafaa kujibiwa mbele ya wote, kwa kuwa nyumba nyingi zapatwa na shida ile ile, hasa baada ya sikukuu. Alisema hivi: nyumbani kwake walichinja mbuzi wawili, na mbwa wake, alindaye nyumba na zizi, akatupiwa mifupa yote mibichi. Mbwa alitafuna usiku kucha kwa furaha. Siku ya tatu alionekana akichuchumaa, akijikaza na kulia, wala hakupata ila vipande vichache vyeupe, vigumu kama chokaa. Tena alianza kutapika. Majirani walimshauri mwalimu amnyweshe mafuta ya mbarika. Akaniuliza, Je! nifanye hivyo?

Yeye nilimjibu siku ile ile, maana gazeti la mwezi haliwezi kumngoja mgonjwa. Nilimwambia ayaache mafuta, naye ampeleke mbwa kwa daktari wa mifugo kabla jua halijachwa. Hapa nataka kueleza sababu, ili wengine wapate kujua lipi laweza kutengenezwa nyumbani na lipi haliwezi.

Najua wako watakaocheka, wakisema, Gazeti la nyumba za Kikristo laandika habari za choo cha mbwa! Na wafungue Mithali, mlango wa 12, mstari wa 10, waone kama mnyama wa nyumbani amesahauliwa. Mbwa huyu akesha nje mvuani ili sisi tulale. Kumwacha ajikaze siku tatu, na watoto wakimtazama na kumcheka, ni mafundisho mabaya kwa watoto hao.

Basi, ugonjwa wenyewe hutokea hivi. Chakula kikitoka tumboni hupita katika utumbo mwembamba, kisha huingia katika utumbo mpana, na kazi moja ya utumbo mpana ni kunyonya maji yaliyobaki. Nyama tupu huacha masalio kidogo sana. Bali mfupa haumalizwi wote na uchungu wa tumbo. Unga wake wa chokaa hushuka pamoja na masalio na kushikamana. Kama mfupa ni kidogo, choo huwa kigumu kiasi, wala hapana shida. Kama ni mwingi, choo huwa kama udongo uliokaushwa juani. Mbwa huumia, kwa hiyo hujizuia. Na kadiri anavyojizuia, utumbo huzidi kunyonya maji, na choo huzidi kukauka. Jambo hili likirudiwa mara nyingi kwa miezi na miaka, utumbo mpana waweza kutanuka na kulegea hata usiwe na nguvu tena ya kusukuma.

Siku hizi, huko Ulaya, Marekani na Australia, watu wengi huwalisha mbwa nyama mbichi na mifupa mibichi kwa makusudi, wakisema ndicho chakula chao cha asili. Mtu aliyeieneza sana habari hiyo ni daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, kwa kitabu alichokitoa mwaka 1993. Madaktari wengi hawakubaliani naye, na ubishi wao haujaisha. Lakini hata wale wapendao chakula hicho huonya kwamba mfupa usizidi kipimo. Wengi wao husema sehemu moja tu katika kumi ya chakula chote. Mbwa wa kilo 20 hupewa kwao kama gramu 400 hata 600 za chakula kibichi kwa siku. Basi mfupa wake ni gramu 40 hata 60, yaani kidogo kuliko konzi ya mtoto. Sasa linganisheni na mifupa ya mbuzi wawili kwa usiku mmoja! Sisi hatufuati mtindo wa mtu yeyote. Twamtupia mbwa yale tusiyoweza kula wenyewe, nasi twadhani tumemkirimu.

Lakini yafaa kujua kwanza kama kweli amefunga choo. Mbwa alaye nyama huenda haja mara chache kuliko alaye ugali, na choo chake huwa kidogo. Akikosa siku moja, naye acheza, ala, anywa, mwacheni. Tena kujikaza si dalili ya ugonjwa mmoja tu. Mbwa mwenye kuhara hujikaza vilevile, akitoa ute kidogo kidogo. Dume ambaye mkojo wake umezibwa hujikaza pia, na huyo yu katika hatari kubwa zaidi, maana mkojo ukizuiliwa hata siku moja au mbili waweza kumwua. Basi mtazameni vizuri: je, akojoa? Na kama ni jike mwenye mimba, huenda ni uchungu wa kuzaa. Dume mzee asiyehasiwa aweza kuwa na tezi iliyokua na kuusonga utumbo. Huyo atafunga choo hata bila kula mfupa, na dawa yake ni ya daktari.

Mbwa aliyefunga choo kidogo, ambaye hatapiki, tumbo lake halikuvimba, naye angali mchangamfu, aweza kusaidiwa nyumbani. Ondoeni mifupa yote mara moja. Mpeni maji safi, mengi, naye asikose maji mchana wala usiku. Mbwa wengi hawapendi kunywa kama sisi tunavyotaka. Basi changanyeni maji vuguvugu ndani ya chakula chake, au mpeni mchuzi wa nyama uliochemshwa bila chumvi na bila kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya mbwa, wala si hadithi ya wazee, ni jambo lililothibitishwa.

Boga lililochemshwa na kupondwa, bila sukari wala nazi, ndilo bora. Mbwa mdogo yamtosha kijiko kimoja cha chai katika chakula chake; mbwa mkubwa apewe vijiko viwili au vitatu vya mezani. Nyuzi za boga hushika maji na kukilainisha choo. Msizidishe mkidhani mengi yatafanya kazi upesi, kwa kuwa mtamharisha tu. Tena nyuzi bila maji huweza kukizidisha kile kizibo. Kisha mtembezeni. Mbwa wengi wa kwetu hufungiwa kibandani tangu asubuhi hata jioni, na mbwa aliye safi kwa tabia hatachafua mahali alalapo; hujizuia mchana kutwa. Robo saa ya kutembea asubuhi, na nyingine jioni, husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kama siku mbili zimepita wala hapana kitu, msingoje ya tatu. Na akitapika, akikataa chakula, tumbo likiwa gumu au limevimba, akitoa damu, akilegea au kulia akiguswa, msingoje hata saa moja. Mfupa waweza kuwa umekwama juu zaidi, katika tumbo au utumbo mwembamba, na hapo boga halifai kitu. Kwa mtoto wa mbwa, upesi ni wa lazima zaidi.

Sasa nasema habari za mafuta na haluli. Mafuta ya mbarika huukaza utumbo kwa nguvu. Na kama mbele pana kizibo cha mifupa yenye ncha, nguvu hiyo yaumiza. Mafuta mengine yasiyo na ladha, akinyweshwa mbwa kwa kumshika kinywa, huteleza na kuingia mapafuni bila hata kumkohoza, na baada ya siku chache hupata homa ya mapafu. Chumvi ya haluli humkausha maji mwilini, naye tayari amekauka. Kumtia kipande cha sabuni nyuma humwunguza. Kumpiga bomba si kazi ya mtu wa nyumbani. Tena ziko dawa za bomba zilizotengenezwa kwa wanadamu, zenye chumvi za fosfeti, ambazo zimeua mbwa wadogo na paka. Na kama mwaona kipande cha mfupa au uzi umechungulia nje, msiuvute. Hamjui umeshikana na nini ndani.

Mbwa wa yule mwalimu, daktari alimtia maji mwilini kwa sindano, akampa dawa ya usingizi, kisha akakilainisha choo kwa maji vuguvugu na kukitoa kidogo kidogo. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na gharama yake ilizidi bei ya mifupa yote aliyokula. Mbwa amepona, naye ameanza kulinda tena.

Wengine watauliza, Basi tuipike mifupa? La, hasha. Mfupa uliopikwa hukauka na kuvunjika vipande vyenye ncha, nao ni hatari kuliko mbichi. Mifupa minene ya miguu ya ng'ombe nayo huvunja meno. Lakini msimpe nyama tupu siku zote bila chokaa yoyote, hasa mtoto wa mbwa anayekua, maana mifupa yake mwenyewe italegea na kupinda. Asiyepewa mfupa aweza kutiliwa ganda la yai lililokaushwa na kusagwa laini kama unga, kama kijiko kimoja kidogo cha chai kwa kilo moja ya nyama. Hata hilo likizidi hufunga choo.

Liko neno jingine, nalo ni zito kuliko choo. Huko ng'ambo, mwenye mbwa aliyefunga choo huambiwa ampunguzie mifupa na kumwongezea maini na mapafu mabichi, kwa kuwa hulainisha. Kwetu shauri hilo sharti ligeuzwe. Maini na mapafu ya mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia wetu mara nyingine huwa na malengelenge yaliyojaa maji. Ndani yake mna vichwa vya tegu mdogo sana. Mbwa akiyala mabichi, tegu hao hukua utumboni mwake, kila mmoja urefu wa milimita chache tu, naye haonekani kuugua. Mayai yao hutoka na choo, hushika manyoya yake, majani, na mikono ya watoto wanaomkumbatia. Mtu akiyameza, malengelenge humwota yeye mwenyewe katika ini au mapafu, nayo hukua kwa miaka mingi hata yawe makubwa kama nazi. Turkana, kaskazini ya Kenya, ugonjwa huu ulionekana kwa wingi usio na mfano duniani, na miongoni mwa wafugaji wa Kimasai pia umo. Kwa hiyo ini na pafu zipikwe mpaka ndani, ndipo apewe mbwa. Penye malengelenge, chomeni moto au fukieni shimo refu asilofikia mbwa. Mpeni mbwa dawa ya tegu kwa kadiri daktari atakavyoagiza, na kila aliyeshika choo chake anawe mikono kwa sabuni.

Namalizia kwa onyo la mkono na kinywa. Mbwa akionekana ameachama, mate yakimtoka, hawezi kumeza, watu husema, Amekwamwa na mfupa, nao hutia mkono kinywani kuutafuta. Huenda si mfupa. Kichaa cha mbwa huanza hivyo mara nyingi, na mate yake ndiyo yenye sumu. Mfungieni mahali, mwiteni daktari, wala mtu asimguse. Aliyekwisha kuumwa au kuingiwa na mate katika kidonda aoshe mahali pale kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku iyo hiyo akachomwe sindano. Ugonjwa ukisha kuonyesha dalili zake kwa mtu, hauponi.

Na mbwa mwenye maumivu ya tumbo, hata akiwa mpole kama mwana-kondoo, aweza kumwuma bwana wake. Akipelekwa kwa daktari, mfungeni kinywa kwa kitambaa laini. Ila kama atapika, msimfunge, asije akasongwa na matapishi. Mzungushieni blanketi, mmbebe katika kikapu au sanduku lililo wazi juu, na mwenye kumbeba awe mtu anayemjua.